Shamba Iko na Wewe

Lobule, Koboko
6 Februari 2023

Kaka Lemi,

Nimekupigia simu mara nne tangu jana, hupokei. Basi nimekaa chini niandike, na barua hii nitampa Sadiya, yule mama wa duka la vitenge pale Koboko, maana yeye huenda Arua kila Alhamisi kuchukua mali. Natumaini itakukuta mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Jana walikuja watu wawili na kamba ya kupimia. Nilikuwa nimeanika mihogo juu ya lile jiwe kubwa. Walianza kutembea kutoka kijitoni kupanda juu, mmoja anavuta kamba, mwingine anaandika, na walipofika kwenye mitiki yangu wakasimama kuitazama kama watu waliofika sokoni. Nikawauliza, "Mnampimia nani?" Yule mfupi akasema, "Mwenye shamba iko Arua. Anauza." Nikamwambia mwenye shamba amelala pale, nikamwonyesha kaburi. Udongo wake hata haujashuka. Akasema yeye anafanya kazi tu.

Siku ya mazishi sikutaka tuzungumze haya, na wewe uliondoka asubuhi ya pili kabla chai haijachemka. Sasa niache niseme. Baba yako, Baba Mkubwa wangu, aliniita mwaka 2004, mama yako alipopooza upande mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuja kukaa miezi mitatu. Mama yako nilimwogesha miaka saba mpaka akatutoka. Kisha nikakaa na baba yako miaka kumi na mmoja mingine. Na mwaka 2009, tukiwa tunapalilia simsim, Adriko jirani yetu akiwa pale pale na jembe lake, Baba Mkubwa alisema kwa mdomo wake: "Kiden, mimi nikikufa, hii shamba iko ya wewe. Mutu asikusumbue." Ndipo nikapanda mitiki. Wewe ni mtu wa hapa, unajua: hakuna anayepanda mitiki kwenye ardhi ya kuazima.

Waambie watu wako wakunje kamba yao.

Mimi dada yako,
Stella Kiden


Ediofe, Arua
20 Februari 2023

Kiden,

Barua nimepata. Sadiya aliiacha kwa jirani kwa sababu nilikuwa nimefunga kibanda changu cha redio. Simu yako sipokei tangu ulipopiga ile ya Desemba. Nikiona jina lako kwenye kioo, nasikia habari ya kifo kabla hujasema. Niandikie, ni afadhali.

Wapimaji niliwatuma mimi. Iko mfanyabiashara wa Oraba anayetaka kulima tumbaku, nitamwuzia. Sina ninachokitafuta huko. Mimi ni mtoto wake wa pekee na hakuna karatasi aliyoandika. Neno lililosemwa katikati ya simsim si karatasi. Sikufukuzi kesho. Vuna kwanza. Ile nyumba yako unaweza kubomoa, bati uende nazo.

Unaniandikia miaka kama mtu anayesoma mashtaka. Miaka naijua hata mimi. Mwaka 2011 gari liliharibika Maracha, nikafika nyumbani mama ameshafukiwa. Baba akaniuliza mbele ya watu wote: "Wewe umekuja kwa nani?" Ulikuwa umesimama karibu yake, umeshika sahani. Hukusema neno. Baada ya hapo nilikuja mara mbili tu, na mara zote mbili alisema na wewe, mimi nimekaa pale pale, kama mgeni anayehitaji mkalimani.

Nina swali moja. Ule mwezi wa mwisho, alipokuwa amelala mgonjwa, aliniulizia?

Lemi


Lobule
2 Machi 2023

Kaka Lemi,

Mwezi ule alilala sana. Alikuwa anachanganya majina. Mara aniite kwa jina la mama yako, mara aulize kama gwaride limekwisha, kana kwamba bado yuko jeshini. Mtu aliye katika hali ile ni vigumu kujua anamwulizia nani.

Habari ya sahani ni kweli.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Alikuna kichwa, akasema mambo haya yanamzidi, niende mahakamani Koboko. Huko nimepata wakili anayesaidia watu wasio na uwezo, anaitwa Mindra, mwanamke mdogo kuliko mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mama, hakimu hatatazama machozi. Atatazama mambo mawili. Uliahidiwa nini, na uliacha nini kwa sababu uliamini. Nenda uandike ulichoacha."

Nilikaa na kalamu siku tatu. Niliandika kwamba nilikuwa na nafasi chuoni, ualimu wa watoto wadogo, na barua ya kuniita nilikuwa nayo ndani ya Biblia mpaka panya wakaila. Hiyo ilikuwa rahisi. Ya pili ni Ezati. Unamkumbuka Ezati, fundi aliyejenga madarasa mapya ya shule? Alikuja kuniposa mwaka 2010, akataka twende kwao. Nilimwambia siwezi kuacha wagonjwa, tena hapa nimeahidiwa shamba, aje yeye akae hapa. Mwanamume gani atakwenda kukaa kwenye shamba la Baba Mkubwa wa mke wake? Alingoja miaka miwili. Sasa ana watoto wanne. Mindra aliponiuliza tarehe aliyokuja mara ya mwisho, niliitaja bila kufikiri, akanitazama, akaandika.

Siku hizi napika kidogo lakini bado nasonga ugali wa watu wawili. Mkono umezoea.

Utaletewa karatasi ya mahakama. Nilitaka uisikie kwangu kwanza.

Stella Kiden


Ediofe, Arua
17 Juni 2023

Kiden,

Karatasi imeletwa kibandani, mbele ya mteja aliyekuja na redio yake. Alisoma kabla yangu. "Stella Kiden dhidi ya Lemi Soka." Akauliza kama wewe ni mke wangu niliyemwacha. Nilimwambia ni dada yangu. Akaacha redio, hajarudi kuichukua.

Mke wangu, Lillian, yuko Kampala na wasichana tangu 2019. Watoto hupiga simu Jumapili jioni. Siku nyingine zote nafunga kibanda saa kumi na mbili, nakwenda nyumbani, nawasha redio za watu nilizozitengeneza nisikie kama zinasema vizuri. Nakuambia haya ili ujue kwamba sitaki shamba nikae kama bwana. Nataka liishe. Nataka pasiwe na mahali ambapo naweza kuulizwa nimekuja kwa nani.

Halafu nimefikiri juu ya lile neno ulilosema. Wewe umeandika "iko ya wewe." Una hakika? Sisi tumekulia kambini kwa askari, Kiswahili cha Baba tunakijua. Alikuwa akisema "baiskeli iko na Lemi," na maana yake ni kwamba nimeichukua, niirudishe. Kama alisema "shamba iko na wewe," basi alikuachia ulitunze. Hakukupa.

Wakili wangu atamwuliza Adriko neno hilo.

Lemi


Ediofe, Arua
12 Oktoba 2023

Kiden,

Tangu nitoke mahakamani Koboko juzi sijafungua kibanda.

Ulimleta Adriko awe shahidi wako. Yule mzee amekuwa katekista miaka thelathini, hajui kusema uongo hata wa kukuokoa. Wakili wangu akamwuliza: "Marehemu alisema shamba iko ya wewe, au iko na wewe?" Adriko akashika kofia yake muda mrefu. Akasema, "Alisema iko na wewe." Nilifurahi, sikufichi. Wakili wangu alikuwa ameshaanza kukaa.

Ndipo mzee akaendelea, wala hakuulizwa. Nimeyaandika maneno yake nilipofika nyumbani, yasinipotee. Alisema: "Lakini mzee Soka mwenyewe alijua neno lake lilikuwa na pande mbili. Mwezi wa kumi na moja, mwaka jana, alinishika mkono akasema, 'Adriko, ita Lemi. Mimi nataka yeye asikie na masikio yake shamba iko ya Kiden, maneno isigeuke nikikufa.' Mimi nikamwambia Kiden apige simu, Mzee anamtaka mtoto wake. Sikumwambia ni ya nini, kwa sababu Mzee alitaka kusema mwenyewe. Kiden akaniambia amepiga, Lemi anakuja."

Nilikutazama. Ulikuwa unatazama mikono yako.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa napokea simu zote. Simu yako haikuingia. Nilikuuliza mwezi wa pili, kwa maandishi, kama aliniulizia. Ukaniandikia habari za gwaride.

Ulipiga au hukupiga?

Lemi


Lobule
19 Oktoba 2023

Kaka Lemi,

Sikupiga.

Aliniuliza mara ya kwanza wiki ya pili ya Novemba, asubuhi, nikimlisha uji. "Lemi iko wapi?" Nikasema uko Arua. Akasema, "Mwambie akuje." Nikasema ndiyo. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ina chaji. Jioni akaja Adriko akasema neno lile lile, nikamwambia nimeshapiga. Lilinitoka haraka hivyo, kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni linangoja.

Niliogopa. Nilijiambia: damu ni damu, akimwona mtoto wake atalia, na mtu anayelia hugawa kila kitu. Nilijiona nimesimama mlangoni na furushi langu la nguo, nina miaka arobaini. Sikujua anakuitia nini. Nilidhani anataka kukurudishia. Nilikufungia njia usije kuninyang'anya, kumbe ulikuwa unaitwa uje uwe shahidi wangu. Mindra anasema kama ningepiga simu ile, pengine kesi isingekuwepo. Alisema polepole, kama daktari.

Lakini si hilo linaloniamsha. Mara ya tatu alipouliza, nilimwambia umesema utakuja Ijumaa. Nilitaka tu atulie. Ijumaa asubuhi akaniomba nimnyoe ndevu. "Lemi asinione kama mutu ya porini." Nikachemsha maji, nikamnyoa. Alikuwa ameinua kidevu, amefumba macho, ananiamini na wembe. Nilimnyoa vizuri kabisa, Kaka, nikijua hakuna mtu anayekuja. Akataka kiti kigeuzwe kitazame njia. Alikaa mpaka jua likashuka. Kisha akasema, "Labda gari iliharibika." Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayekutetea kwa watu.

Kwa hiyo alikuulizia. Mara tatu, kwa jina lako, na akili yake ilikuwa timamu. Ile barua ya Machi ilikuwa ya uongo.

Sikuombi unisamehe. Fanya na karatasi hii unavyotaka, mpe hata wakili wako.

Kiden


Ediofe, Arua
27 Januari 2024

Kiden,

Barua zako mbili za baadaye zimefika. Sikuzifungua.

Jumatano uliniona nikisimama mbele ya hakimu, ukasikia nikisema nakubali dai lako, naye akaandika. Sababu hukuisikia, nilipita nje kabla hujatoka. Wakili wangu alifurahi sana nilipomwonyesha barua yako ya Oktoba. Alisema mtu aliyeficha wito wa baba kwa mtoto wake hana uso wa kusimama mahakamani kuomba haki, na hakimu akiisoma hiyo, shamba litarudi kwangu lote. Nilimwambia anirudishie barua. Akasema mimi ni mjinga. Labda.

Usidhani nimefanya kwa ajili yako. Baba alikuwa na neno moja tu la kuniambia kabla hajafa, na neno lenyewe lilikuwa kwamba shamba ni lako. Lilinifikia limechelewa mwaka mzima, kupitia katekista, ndani ya mahakama. Lakini limenifikia. Nikikataa, nitakuwa nimekataa kitu cha pekee alichonitafutia. Mara ya kwanza katika maisha yake alitaka nisikie. Basi nimesikia.

Yule mtu wa Oraba nimemwambia atafute kwingine. Shamba litaandikwa jina lako, isipokuwa kaburi la Baba na la Mama, na njia ya miguu ya kuyafikia. Hapo ni pangu, hakimu ameandika. Nikija, sitakuja kwako. Nitapita tu.

Nimejaribu kuchukia, na kuna siku naweza. Siku nyingine namwona amekaa kwenye kiti amenyolewa, na sijui nikuchukie wewe au nikushukuru kwamba alinyolewa na mkono mzuri. Siwezi kukaa na mambo hayo mawili kwenye chumba kimoja. Usiniandikie tena.

Lemi


Ediofe, Arua
9 Julai 2024

Kiden,

Nilikuambia usiandike, na hukuandika. Sadiya akipita kibandani siku ya Alhamisi husema, "Leo hakuna," na mimi sijamwuliza. Miezi mitano. Wiki iliyopita nilijikuta nimefunga kibanda mapema siku ya Alhamisi ili asiniambie.

Jumamosi nilikuja Lobule. Nilishuka kwenye bodaboda mbali kidogo, nikatembea. Nilitaka kupita kaburini tu, kama hakimu alivyoandika. Sikuona mtu. Mlango wako ulikuwa wazi, sufuria iko jikoni, moto bado una makaa. Nikafikiri, huyu mwanamke anaachaje nyumba hivi.

Nilikaa pale kaburini muda mrefu kuliko nilivyopanga. Umepafagia. Mwanzo sikujua niseme nini, nikamweleza habari za kazi, kwamba watu sasa wananiletea betri za sola kuliko redio. Kisha nikasema mengine ambayo sitayaandika. Nilisema kwa sauti. Mtu mzima wa miaka hamsini, anaongea na udongo. Nilikuwa nimebeba mkate wa kula njiani, nikaula pale.

Nilipotaka kuondoka nilikuita mara moja. Sijui ningesema nini kama ungetokea. Labda ningeomba maji. Ulikuwa sokoni, nadhani. Nikaondoka.

Unaweza kuandika, kama liko la kuandika.

Lemi


Lobule
15 Julai 2024

Kaka Lemi,

Sikuwa sokoni.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nakata kuni, nikaona mtu anakuja kwa ile njia ya miguu, na nikaujua mwendo kabla ya uso, kwa sababu ni mwendo wa Baba Mkubwa. Ulikuwa umevaa shati la buluu. Nilifikiri nitoke nikusalimu, niweke maji motoni. Miguu ilikuwa imeshaanza kuja. Kisha nikaona umevua kofia.

Nikaweka panga chini, nikashuka kijitoni, nikavuka kwenda kwa Adriko. Ndiyo maana mlango ulikuwa wazi. Nilikaa kwake mpaka ulipoondoka. Mke wake, Candiru, alikuwa anachagua maharagwe, nikakaa naye tukachagua wote. Kutoka pale uwanjani kwao mtu anaona kaburi lakini hasikii maneno, labda mtu akiita tu. Sikuangalia sana.

Mara moja nilikuzuia usikae na baba yako. Sikutaka niwe kati yenu mara ya pili, hata kwa kikombe cha maji.

Ulipoita, nilisikia. Candiru naye alisikia. Ulikuwa umeshageuka kutazama nyumba, lakini mkono wako mmoja bado ulikuwa juu ya kaburi. Candiru akaniambia, "Si ni wewe unaitwa?" Nilikuwa nimeshasimama, maharagwe yote yamemwagika. Nikakaa tena.

Nikamwambia, "Acha kwanza. Hajamaliza."

Dada yako,
Kiden